Mama Eve Yuko Juu

Matungu
Jumapili, 26 Januari 2025

Mama Eve,

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu ya simu ya Zedekiah. Ukipiga, huyu ndugu yangu anaiweka spika, mama anaacha kuchambua mrenda, watoto wananyamaza, hata fundi baiskeli wa hapo barabarani anasogea. Juzi ulipouliza kama nalala vizuri, jibu ulipewa na boma zima. Simu yangu ilivunjika siku ile nilipoanguka, na sitaki nyingine mpaka nirudi kazini. Kwa hivyo tuandikiane. Zedekiah atakuwa anapeleka barua ofisi ya mizigo ya basi pale Mumias, nawe utachukua upande wa huko.

Mguu unaendelea. Natembea na magongo mpaka kwenye miwa na kurudi. Daktari wa Kakamega ameridhika. Kufikia katikati ya mwaka nitakuwa nimeshika mwiko tena, najenga ukuta kama kawaida.

Linaloninyima amani ni wewe kubaki kwenye mjengo ule ule. Najua kodi ya Tassia haingoji mtu apone. Lakini ukishafunga mzigo, toka hapo mbio. Usisimame chini ya ile kreni kuongea na watu. Mimi yale mawe niliyaona yakija, Triza. Yalikuja polepole, kama mtu anayekuja kukusalimia. Kisha mbao za jukwaa zikanitoka miguuni. Mpaka leo trekta ya miwa ikipita hapa ikinguruma, natazama juu.

Omba wakupe kazi nyingine. Kazi ya ndani, yenye paa.

Mwambie Eve baba yake anamuuliza kama ameacha kuogopa hesabu.

Wako,
Mulama


Tassia
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba Eve,

Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui ilisafiri na nani.

Tulia sasa. Wamenihamisha. Niko stoo, natoa glovu na misumari, naandika nani amechukua nini. Ile kozi yangu ya jioni ya kompyuta imenisaidia, walitaka mtu mwenye akili iliyotulia. Hakuna mawe yanayoning'inia juu yangu.

Hapa nyumbani ile ploti ya jirani imezidi kupanda. Nguo zetu zilikuwa zinapata jua mpaka mchana, sasa linapita tu kama mgeni mwenye haraka. Norah wa mlango wa pili anasema wakiendelea hivi tutakuwa tunaazimana chumvi dirishani bila kutoka nyumbani. Eve ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka kanisani. Hesabu bado anaiogopa, lakini sasa anaiogopa akiwa ameketi, zamani alikuwa anakimbia.

Mimi mwenyewe situlii. Nikifika jioni naona dari imekuja chini sana, natoka tena kusimama kwenye ngazi. Labda ni joto. Asubuhi ndio nafurahi. Jana hewa ilikuwa safi, niliuona mlima wa Kilimambogo wote, na ndege zikishuka Embakasi moja baada ya nyingine zikimeta. Nilitamani ungekuwepo.

Pona, usiharakishe. Msalimie mama yako, Mama Phelister, mwambie ule mrenda nauota.

Wako,
Triza


Matungu
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama Eve,

Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta dirisha la hiyo stoo. Maana mimi naijua. Nimechukua simiti pale tangu tukiwa kwenye msingi. Ni chumba cha mabati kisicho na dirisha, na mlango wake unatazama ukuta wa choo. Sasa wewe Kilimambogo uliiona ukiwa umesimama wapi?

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini Zedekiah alikuja huko Nairobi kwa mkutano wa matanga, pale hall ya Kaloleni, na mama akampa karanga akuletee kazini. Amerudi nazo. Anasema alimuuliza askari wa geti, "Triza wa stoo nitampata wapi?" Askari akacheka. "Stoo gani? Mama Eve yuko juu na Kinyanjui." Zedekiah akauliza juu wapi. Akaambiwa angoje saa ya chakula, kwamba hao wawili wakishapanda hawashuki ovyo. Unamjua Zedekiah na aibu zake. Hakungoja. Lakini aibu hiyo haikumzuia kunieleza yote mbele ya mama, kwa sauti yake ile.

Kinyanjui ni nani?

Nilikuwa nakwambia mguu unaendelea. Mguu unaendelea, mimi ndio nimesimama mahali pamoja. Nimelala hapa kama gunia, kuku wananiruka. Mwanamume mwingine angepanda basi usiku huo huo aje ajionee. Usinidanganye kwa sababu siwezi kuja.

Mulama


Tassia
Jumapili, 16 Machi 2025

Baba Eve,

Kinyanjui ni babu wa watu. Ana wajukuu, ana meno ya kubandika, na huimba nyimbo za kanisa kazini mpaka tunamwomba azime redio. Umepoa kidogo? Basi keti vizuri, linalofuata ni zito kuliko hilo.

Siko stoo. Sijawahi kuwa stoo. Ninayeendesha kreni ni mimi.

Ile ile.

Kozi ya jioni haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ya kreni. Mwanzo nilificha kwa sababu ungecheka, wewe na wale mafundi wenzako. Nilisema nikifaulu nitakuonyesha cheti, mcheke mkiwa mmekaa. Kisha ukaanguka. Ningekwambia nini tena? Umelala pale wodini umefungwa vyuma, nije nikwambie nimefaulu mtihani wa kuendesha kitu kilichokuvunja?

Oketch, aliyekuwa akiiendesha siku ile, alienda kwao Kisumu baada ya ajali, na mpaka leo hataki kugusa mashine. Akaletwa Kinyanjui, wewe ukiwa umeshaumia, na alikuwa peke yake. Nikaomba nafasi. Kwa wiki kadhaa nilikaa naye kwenye kile kibanda cha juu akinifundisha, ndio maana ya "yuko juu na Kinyanjui." Siku hizi tunapokezana, akishuka napanda.

Nikwambie na hili, kwa sababu najua unamchukia Oketch. Siku ile Oketch alisema kuna upepo. Watu waliokuwa na redio walimsikia. Odongo akamwambia, "Inua, watu wanangoja." Akainua. Odongo bado ndiye fomeni. Ile sauti iliyomwambia Oketch ainue ndiyo inayoniamkua mimi kila asubuhi: "Niaje Mama Eve, tuanze."

Huwa nayumba kule hata siku isiyo na upepo. Chuma chote kinapumua. Watu wa chini siwaoni nyuso, naona helmeti tu, na kila helmeti naiona kama yako. Labda wewe unafikiri nimesahau yaliyokupata. Mimi ndiye ninayeyakumbuka kila nikisukuma ule mkono wa kuendeshea.

Na naipenda hii kazi, Mulama. Hilo ndilo nililoogopa kukuandikia kuliko yote.

Triza


Matungu
Jumapili, 23 Machi 2025

Mama Eve,

Shuka.

Mulama


Tassia
Jumapili, 13 Aprili 2025

Baba Eve,

Barua yako ya neno moja niliiweka chini ya mto, nikailalia kwa hasira. Kila asubuhi nilikuwa napanda ile ngazi nikikujibu moyoni. Nilikuwa na majibu mazuri sana.

Nimeshuka. Sikiliza ilivyokuwa.

Jumanne tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya kumi. Malori yalikuwa yamepanga foleni getini mpaka karibu Kangundo Road, madramu yakizunguka, na kule upande wa Komarock mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Kila mtu alitaka kumaliza kabla ya mvua. Niliinua ndoo za kwanza vizuri. Kisha upepo ukabadilika. Kile kipimo cha upepo kiliharibika zamani, hakikuwahi kurekebishwa, kwa hivyo unapima kwa mwili. Ndoo ilianza kwenda kushoto bila mimi kuipeleka. Nikaona bati moja limeng'oka kwenye paa la choo na kutembea lenyewe uwanjani.

Nikaishusha ndoo, nikasema kwenye redio, "Fomeni, upepo. Tungoje."

Odongo akasema, "Upepo gani? Mimi huku hata kofia haijatoka."

"Kofia yako iko chini. Mimi niko huku."

"Mama Eve, zege linaganda. Inua."

"Siinui."

Kwenye redio nikasikia watu wakicheka, maana alikuwa ameacha kidole kwenye kitufe. Nikaufungua mkono wa kreni uzunguke wenyewe na upepo, kama tulivyofundishwa, nikaanza kushuka. Wa chini wakadhani upepo umenishinda. Nilipofika Odongo hakunitazama. Alimtazama Kinyanjui. "Mzee, unaweza?" Nikamwambia Kinyanjui kwa macho akatae. Yeye ndiye aliyenifundisha kukataa. Aliangalia malori, akaangalia viatu vyake, akapanda.

Na Mulama, akainua zote. Upepo ulitulia kama uliokuwa unanitania mimi tu. Ndoo zilikwenda na kurudi, zege likamwagwa, likasawazishwa, mvua ikaja watu wakiwa wanakunywa chai. Hakuna aliyeguswa. Kijana mmoja akasema juu yangu, "Mathe alishuka kuanua nguo," wakacheka, hata waliokuwa marafiki zako. Odongo akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia Norah wala mchungaji. Nilipokuwa nimesimama pale chini nikimtazama Kinyanjui, kuna wakati nilitaka ile ndoo iyumbe. Nilitaka ivunje kitu, chochote, ili wajue. Wewe ulivunjika, na mimi nikatamani hivyo. Tangu siku hiyo siwezi kukaa mahali. Nimefua mapazia. Nimefua hata yale safi.

Ulisema nishuke. Basi niko chini. Umefurahi?

Triza


Matungu
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Baba Eve,

Nimefika kwenu na hupo!

Nilifikiri nitakushtua. Shule imefungwa, kazi sina, nikamfungasha Eve tukapanda basi la asubuhi. Nashuka pale kwa fundi baiskeli, ananiambia, "Mulama? Mulama ameenda kwako jana usiku." Eve akalia, mimi nikacheka mpaka fundi akaniletea kiti. Kwa simu ya Zedekiah na ya Norah tumeongea yale ya boma zima kusikia, kwamba umefika, kwamba tumefika, kwamba hakuna aliyepotea. Haya mengine nayaandika.

Mama ameniambia kuhusu mguu.

Hakutaka. Nilimuuliza ulipandaje basi na magongo, na kama kweli utaweza kupanda jukwaa kufikia katikati ya mwaka. Aliacha kukoroga uji. Akasema, "Mwanangu, hakukwambia? Yule daktari alisema mfupa wa nyonga haukushika vizuri. Atatembea, lakini hatapanda tena." Alisema unalijua hilo tangu Januari. Wakati ule ulikuwa unaniandikia habari za mwiko.

Nimekasirika, kisha nimekosa haki ya kukasirika, kisha nimekasirika tena. Mimi nilikuwa nakwambia niko chini na niko juu. Wewe ulikuwa unaniambia utapanda na hutapanda. Ni nani katika nyumba yetu anayesema ukweli? Labda Eve, na yeye huficha kinywa.

Nimelala kwenye kitanda chako. Nimeona jinsi godoro lilivyobonyea upande mmoja. Nilidhani hapa unapumzika.

Kwa nini umeenda Nairobi? Kama ni kunichukua, unaniona nimejileta. Kama ni kumpiga Odongo, kumbuka huna mguu wa kukimbilia.

Triza


Tassia
Jumatano, 23 Aprili 2025

Mama Eve,

Nilikuja kukuchukua. Nianze na huo ukweli. Nilisoma barua yako nikasema sasa amejua, sasa atarudi nyumbani tulime. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kukusamehe. Norah alinifungulia mlango akasema, "Shemeji, ameenda kwako." Nikakaa kwenye kochi letu nikiwa sina mtu wa kumsamehe.

Kuhusu mguu: ndiyo. Mimi ni fundi wa mawe, Triza. Sijui kuwa kitu kingine. Kila nikitaka kukuandikia, kalamu ilikuwa inaenda yenyewe kwenye mwiko. Nilifikiri nisipoandika, huenda lisiwe.

Jana nilienda kwenye mjengo. Sikwenda kupigana. Nilitaka tu kuona pale unapokaa. Nilishuka matatu pale stegi ya Komarock nikatazama juu. Kile kibanda chako ni kidogo kama kiberiti. Nilishika ukuta wa kioski cha mama mmoja mpaka akaniuliza kama nimekunywa.

Geti walinikumbuka. Odongo alikuja akanishika mkono, akasema, "Kaka, pole." Tangu niumie ndiyo mara ya kwanza. Bado sijui nitamjibu nini.

Lakini hakuna kazi iliyokuwa ikiendelea. Kreni ilikuwa imesimama, mafundi wamekaa kivulini wanacheza drafti. Kinyanjui ndiye aliyenieleza. Alinitafutia tofali nikae, akakaa na yeye. Alisema siku ile alipoinua zile ndoo upepo haukutulia kama ulivyodhani. Ulitulia mara, ukarudi mara. Ndoo moja ilipita juu ya vichwa vya watu yeye akiwa hawezi kuizuia. "Ilipita yenyewe," akasema. "Mungu ndiye aliyekuwa anaendesha, mimi nilikuwa abiria." Aliposhuka akapewa chai akaiacha pale pale. Alienda nyumbani hakumwambia mtu, na baada ya siku kadhaa akaenda mwenyewe kwa yule injinia mpya, Fadumo, akamwambia hatapanda tena mpaka kipimo cha upepo kiwekwe, na kwamba Mama Eve alikuwa sawa na yeye ndiye aliyekosea. Fadumo akasimamisha kreni. Odongo alipiga kelele, lakini mama huyo hapigiwi kelele.

Nikawauliza mafundi kama wamekasirika kukosa kazi. Yule yule kijana wa kuanua nguo ndiye aliyenijibu. Alisema, "Mzee, tangu mathe ashushwe tunajenga tukitazama juu. Hujui vile hiyo inachosha."

Niliposikia hivyo nilitoka nikaenda nyuma ya stoo, pale kwenye ukuta wa choo, nikasimama peke yangu kidogo. Mimi siku ile nilitazama juu nikiwa nimechelewa. Mawe yalikuwa yameshaanza kuja. Kama angekuwepo mtu kule wa kusema siinui, leo ningekuwa napiga plasta ghorofa ya kumi.

Halafu nikawaza kwamba mtu huyo sasa yupo, na mimi nimemwandikia ashuke.

Fadumo amenikuta nikitoka. Anasema kipimo kinawekwa wiki hii, na anakutaka Jumatatu. Aliniuliza, "Wewe ni mume wake, atakuja?" Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme la. Nikaufunga. Nimemwambia nitakuandikia, na kwamba mimi sijibu kwa niaba yako.

Sasa nimekuandikia. Moyo wangu haujabadilika, usidhani nimekuwa shujaa. Ukipanda, nitakuwa mgonjwa kila siku mpaka ushuke. Ukikataa, nitalala vizuri na nitajua ni kwa nini wengine hawalali. Nimezunguka hii nyumba na magongo usiku kucha, Norah amegonga ukuta akiomba nikae. Sikai. Sijui nitafanya kazi gani hapa Nairobi, sijui kama kuna mjengo unaomtaka fundi wa chini. Nitauliza. Nimeanza kuuliza.

Mapazia ni masafi kweli.

Mulama


Matungu
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Baba Eve,

Tunakuja Jumapili na basi la asubuhi, barua hii itatangulia. Mama amenifungia kuku, karanga, na mrenda wa kulisha Tassia nzima. Eve analia kuacha ndama.

Jumatatu nitaenda. Kabla sijapanda nitakiona hicho kipimo kwa macho yangu, kikizunguka. Na nitamwambia Fadumo mbele ya Odongo kwamba nikisema siinui, hakuna mtu mwingine anayeulizwa kama anaweza. Wakikataa hilo, narudi nyumbani tutafute lingine, na hutanisikia nikilalamika. Wakikubali, napanda. Mwambie Kinyanjui nilimkasirikia sana na imeisha. Aje kwetu ale kuku.

Siwezi kukuahidi kwamba halitanipata lililokupata. Kila asubuhi nikiweka mguu kwenye ngazi ya kwanza nakukumbuka, na nikifika juu nashika kazi. Nilikuwa natafuta maneno ya kukutuliza na nimeona ni uongo mwingine. Utakuwa mgonjwa mpaka nishuke, na mimi nitakuwa nalijua hilo nikiwa kule. Tutazoea au hatutazoea.

Ule mguu usiufiche tena. Ukiuma, sema unauma. Kazi ya chini ipo, na kama haipo tutakula yangu, na ukininunia kwa sababu hiyo nitakununia zaidi.

Jambo moja la mwisho. Najua utakuja kusimama pale stegi ya Komarock kunitazama. Njoo. Lakini ukiniona usiinue mkono kunipungia. Nikiwa kule, mtu wa chini akiinua mkono ananiambia nipandishe mzigo. Weka mikono mfukoni, Mulama. Nitakuona tu.

Wako,
Triza